Mbweu ya Mwenyekiti

Mwezi uliopita nilipiga mbweu katika mkutano wa wazazi. Ngoja nikueleze vizuri, rafiki yangu, usije ukadhani sikulelewa. Shule ya mtoto wangu hapa Migori ina ukumbi mkubwa wa mabati ambao hata ukikohoa kidogo unajibiwa. Siku hiyo tulikuwa tumekaribishwa kwa nyoyo, yale mahindi na maharagwe yanayopikwa pamoja, na soda baridi juu yake. Kisha mwalimu mkuu akatuomba tusimame, tufumbe macho, tuanze kwa maombi. Pakawa kimya kabisa. Ndipo ile soda ikaamua kurudi ilikotoka, tena ikarudi kwa sauti nene, ndefu, yenye mkunjo katikati, ikazunguka ukumbi mzima na kunifikia tena ikiwa bado ina nguvu.

Mama aliyesimama mbele yangu aligeuka kabla ya amina. Mtu mwenye haya angeinama. Mimi nilishikwa na kicheko, nikatoka nje nikijiziba mdomo kwa leso, nikakaa kwenye ngazi na kucheka mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nilitaka kumweleza, lakini ningeanzia wapi? Mbweu ile ilikuwa imenibeba ikanitua Kendu Bay, bomani kwa nyanya yangu, katika Jumapili moja ambayo ng'ombe nusura avunje harusi kwa kushindwa kupiga mbweu, kisha akazidisha balaa kwa kuipiga.

Wazazi wangu walikuwa wachuuzi wa mitumba hapa Migori, na kila shule zilipofungwa walinituma kwa nyanya, mama mzazi wa baba. Kendu Bay ya wakati ule ilinuka samaki asubuhi na moshi wa kuni jioni. Nyanya aliishi juu kidogo ya mji, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa linavyometa kama bati jipya. Alikuwa Msabato wa kuzaliwa, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kumwita ng'ombe kutoka kilima cha pili akaja. Alinipa uji wa mtama uliochachuka hadi ukakunja uso wangu, viazi vitamu vilivyoiva ndani ya jivu, omena wakavu waliolia mdomoni, na maziwa lala ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Nikishashiba alinipa kazi. Nilifagia zizi, nilichota maji, nilikusanya mavi ya ng'ombe kwa mikono yangu miwili ya mjini ya kusikitikia. Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kumtunza Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa ng'ombe. Jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kifuani kama tai iliyofungwa kwa haraka. Jina hilo alipewa na baba mdogo, kitinda mimba wa nyanya, kwa sababu alipolala chini kucheua alikuwa na sura ile ile ya mwenyekiti wa kamati ya shule: macho nusu yamefumbwa, taya likienda upande, anakusikiliza wala hakubali neno lako hata moja.

Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, nikidhani chakula huenda njia moja tu. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwona Mwenyekiti amemaliza malisho, amelala, hana jani mbele yake, na bado anatafuna, nilimkimbilia nyanya kumwambia kwamba ng'ombe ameiba kitu.

"Huyu asubuhi hali," nyanya aliniambia. "Asubuhi anafungasha. Sasa ndiyo anakula."

Akanikalisha karibu na shingo ya Mwenyekiti, akanionyesha. Ukitulia unakiona kidonge cha majani kikipanda kooni kutoka chini, kama panya anayepita chini ya blanketi. Kinafika mdomoni, taya linaanza: kushoto, kulia, kushoto, bila haraka hata kidogo. Kisha ng'ombe anameza, na unakiona kile kidonge kikishuka kule kule kilikotoka. Anasimamisha taya kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alichokuwa akisema. Halafu kidonge kingine hicho, kinapanda.

Nyanya alimheshimu mnyama anayecheua kwa sababu za dini. Kwa imani yake, mnyama halali wa sufuria yake ni yule mwenye kwato zilizopasuka na ambaye pia anacheua. Nguruwe ana kwato lakini hacheui, basi apite mbali. Kwa hiyo nyanya alikagua kucheua kwa Mwenyekiti kila siku, kama askari wa barabarani anavyokagua leseni, naye akanifundisha kukagua. Nilibandika sikio ubavuni upande wa kushoto, penye kile kishimo kati ya mbavu na nyonga, nikasikia humo ndani ngurumo inakuja polepole, inapita, inanyamaza, kisha inakuja tena. Ilikuwa kama kusimama nje ya kinu cha posho. Nyanya alisema, "Maadamu pananguruma, nyumbani kuna amani."

Nilijaribu na mimi, nisikufiche. Alasiri moja nilimeza kiazi kitamu vipande vipande bila kutafuna, nikalala ubavu wa kushoto kivulini mwa ghala, nikangoja kirudi. Kilirudi, lakini si kwa mpango nilioutaka, na kiliishia juu ya viatu vya baba mdogo. Nyanya alinisafisha uso kwa maji baridi akasema, "Wewe una tumbo moja. Liheshimu."

Elimu ya ndani kabisa niliipata kwa jirani yetu mchinjaji. Huyu alikuwa mtu wa kuja, mzaliwa wa upande wa Kuria, na Kijaluo chake kilitosha kutaja sehemu za nyama tu. Mengine yote aliyasema kwa Kiswahili. Nikitumwa kununua matumbo, alinifungulia darasa juu ya meza yake. "Hii kubwa ndio taulo," aliniambia, akilikunjua lile tumbo la kwanza lenye manyoya ya nyama kama taulo kweli. "Hapa ndio stoo. Nyasi yote inaanguka hapa. Hii ndogo ni sega, angalia, si iko na vyumba kama ya nyuki? Hii inashika misumari." Alikuwa ameweka kwenye kopo vitu alivyovitoa humo kwa miaka yake ya kazi: misumari, vipande vya waya, kifungo cha koti, na hereni moja ambayo wanawake kadhaa wa sokoni walidai kuwa ni yao. La tatu lilikuwa kitabu, kurasa kwa kurasa, linalokamua maji. "Na hii ya mwisho ndio tumbo yenyewe, kama yako na yangu. Zile zingine zote ni ofisi tu."

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilisoma kwamba ndani ya ile stoo huishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wasio na idadi, na kwamba hao ndio wanaozichachua nyasi mpaka ziwe chakula. Ng'ombe mwenyewe hawezi nyasi. Anawalisha hao, na hao wanamlisha yeye. Na kazi yao hutoa hewa nyingi, ndiyo maana ng'ombe hupiga mbweu kutwa nzima, kimyakimya, kama mgeni mwenye adabu. Siku hewa hiyo ikikosa njia, tumbo linafura, linabana mapafu, na ng'ombe anaweza kufa kabla chai haijachemka. Nyanya hakujua habari za viumbe wale. Hiyo hatari aliijua vizuri.

Sasa baba mdogo. Alikuwa fundi wa redio, mpole, kichwa kimeanza kung'aa mapema, na posa yake ilikuwa imeshakataliwa mahali kabla ya hapo. Ndipo akampata mwalimu wa chekechea, msichana wa Karungu, akabadilika kabisa. Akawa anaimba. Akawa anapaka mafuta hata kisigino. Watu wa msichana, Wakatoliki na wavuvi wa ziwa, hawakumkataa, ila walisema watakuja wenyewe kuwaona ng'ombe wa mahari. Binti mwingine wa ukoo wao alikuwa ameposwa kwa ng'ombe walioazimwa kwa majirani, wakaonyeshwa leo, kesho wakarudishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo walituma neno wazi kabisa: wakiona ujanja wa aina yoyote, watageuza palepale na msichana wao watabaki naye.

Nyanya hakuogopa. Ng'ombe walikuwa wake, na Mwenyekiti ndiye angekuwa mbele yao. Alinunua mafuta ya kupikia, dumu zima la njano, kwa ajili ya chapati na samaki wa kukaanga. Siku ilipangwa Jumapili, ili Wasabato wawe wameshasali, na Wakatoliki wakasali huko huko njiani wakipenda.

Jumapili hiyo baba mdogo aliamka kabla ya jogoo kumaliza kazi yake. Akiwa anasubiri makaa yashike ndani ya pasi, alimtazama Mwenyekiti zizini, akakiona kile kishimo cha ubavuni, akaingiwa na hofu kwamba wageni watasema ng'ombe ana njaa. Basi bila kumwambia mtu alimfungulia, akamwingiza katika shamba la maharagwe lililo nyuma ya nyumba. Majani yalikuwa machanga, yanadondosha umande. Ale kidogo tu, apate umbo. Kisha akarudi kwenye suruali yake ya suti, na wewe unajua kupiga pasi mshono wa suruali kunavyomsahaulisha mtu dunia.

Niliamka kwenda kufagia zizi nikamkuta Mwenyekiti amerudishwa, amesimama miguu imetanuka, shingo ameinyoosha mbele. Ubavu wa kushoto ulikuwa umepanda juu kuliko mgongo, kama amemeza gurudumu la lori. Nikabandika sikio. Hakuna ngurumo. Nikagonga kwa kidole: ndu, ndu, kama ngoma. Mate yalikuwa yanamtoka, na jicho lake, lile jicho la kudharau kila mtu, lilinitazama likiomba.

"Dani!" nilipiga kelele, maana ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo. "Mwenyekiti hacheui!"

Nyanya alitoka akifunga kitambaa kichwani. Alimtazama ng'ombe mara moja, akamtoa jani la harage kwenye kona ya mdomo, akageuka kumtazama mwanawe aliyekuwa mlangoni na pasi mkononi.

"Umempa nini?"

"Maharagwe kidogo tu, mama."

"Kidogo gani?"

"Mistari kidogo."

"Mistari ipi?"

Baba mdogo akaitazama pasi kana kwamba imeandikwa jibu. "Yote," akasema.

Nyanya hakumgombeza, na hilo ndilo lililotutisha. Alituamuru tumpandishe Mwenyekiti miguu ya mbele juu ya kichuguu kilichokuwa kando ya zizi, ili kifua kiwe juu na hewa itafute njia. Akachukua mti mfupi, akaupitisha mdomoni mwake kama lijamu, akaufunga nyuma ya pembe kwa kamba ya katani, ili autafune na ulimi ufanye kazi. Mimi nikapewa ubavu wa kushoto kuusugua kwa ngumi zote mbili, kutoka chini kwenda juu, bila kupumzika. Baba mdogo akapewa ubavu ule ule, juu yangu. Alikuwa ameshavaa suti.

Haikusaidia. Maharagwe mabichi yenye umande hayatoi hewa ya kawaida. Hutoa povu, kama la sabuni ya kufulia, na hewa ikishajificha ndani ya povu haiwezi kupanda kooni. Kinacholivunja povu ni mafuta. Nyanya aliingia jikoni akatoka na lile dumu la njano. Alisimama nalo kidogo. Nilimwona akitazama barabarani, ambako wageni wangetokea, kisha akamtazama ng'ombe. Halafu akajaza chupa ya soda, akainua kichwa cha Mwenyekiti, akamimina pembeni mwa mdomo. Chupa ya kwanza. Nyingine. Nyingine tena. Chapati zetu zote ziliteremka koo lile nikiziona.

Wakati huo mchinjaji akafika mbio, kisu kikubwa mkononi, maana habari za ng'ombe anayekufa zina mbio kuliko simu.

"Mama, pole," alisema. "Nichinje ama nitoboe?"

"Kaa pale," nyanya akamwambia kwa Kiswahili chake kigumu.

"Hii ikifika saa nne imeenda. Nikichinja sasa angalau ni nyama."

"Nimesema kaa pale! Na hiyo kisu ficha. Ng'ombe anakuona."

Mchinjaji akakaa juu ya jiwe, akaweka kisu chini ya paja, akangoja kwa uvumilivu wa mtu ambaye, mambo yakienda vyovyote, atapata kitu.

Ndipo wageni wakafika. Walikuwa wametoka Karungu alfajiri, mapema kuliko tulivyotarajia. Mbele alikuwa shangazi yake msichana, mama mnene mwenye kilemba cha kitenge kirefu kama mnara, na nyuma yake baba mkubwa wa msichana, mzee mvuvi mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Walileta zawadi ya kamongo mkavu, yule samaki wa matope asiye na magamba yanayoonekana, ambaye Msabato hali. Nyanya alimpokea kwa ncha za vidole, akashukuru sana, na palepale akamkabidhi mchinjaji. Lakini wageni hawakuona hayo. Walikuwa wamesimama wakimtazama Mwenyekiti: juu ya kichuguu, mti mdomoni kama mpiga filimbi, mafuta yanamchuruzika kidevuni, ubavuni wananing'inia bwana harusi mwenye suti na mtoto wa kike mwenye jasho.

"Ndiye huyu?" shangazi akauliza.

"Ndiye," baba mdogo akasema kwa sauti ndogo.

Shangazi akashika mashavu yake. "Yawa! Ana mimba kubwa namna hii!"

Sasa hapo, rafiki yangu, ndipo mtu mpole alipoteleza. Baba mdogo alifungua mdomo kusema hapana, nikamwona, naapa nilimwona, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Kubwa sana," akasema.

Mzee akasogea, uso wake umelainika. Ng'ombe wa kwanza tu, na tayari ni wawili. "Atazaa lini?"

"Wakati wowote," baba mdogo akajibu, na kwa namna fulani haikuwa uongo.

"Wageni wangu," nyanya akaanza, "hiyo si mimba, hiyo ni..." lakini baba mdogo akapatwa na kikohozi kikali sana, na shangazi alikuwa ameshanifikia. Alisimama karibu yangu akitabasamu.

"Unafanya nini, mtoto wangu?"

"Nasugua."

"Unambembeleza ndama! Ona moyo wa watu hawa." Akaweka kiganja chake kando ya changu, kushoto kabisa, mahali ambapo ndama hajawahi kukaa tangu dunia iumbwe, maana ndama hulala kulia, na kushoto ni stoo ya nyasi. Wakati huo huo kitu kikatembea chini ya ngozi. "Anapiga teke!" shangazi akapaza sauti. "Mzee, njoo, anapiga teke!"

Mimi nilijua si teke. Nilikuwa nimesikia kwa mbali, chini ya ngumi zangu, ngurumo ikirudi. Nyanya naye alijua, kwa sababu alishtuka. Shangazi alikuwa amekwenda kwa mbele kumpongeza mama mjamzito, amemshika pembe, uso kwa uso.

"Dada yangu," nyanya akasema haraka, "usisimame hapo."

Mbweu ile sijui nikuelezeje. Ilianzia mbali, kama lori linalopanda mlima kwa gia ndogo. Shingo ya Mwenyekiti ikajikunja, ule mti mdomoni ukatetemeka, kisha ikatoka. Ilitoka na hewa, na povu, na mafuta ya kupikia, na maharagwe yote ya nyanya mstari kwa mstari. Kilemba cha shangazi kikaruka kikaangukia zizini. Kuku walikimbia. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba mzee alipata nafasi ya kuvua kofia, nadhani kwa heshima, kabla haijaisha. Na mimi chini ya mikono yangu nikamsikia Mwenyekiti akipungua, akipungua, kama mpira uliochomwa mwiba, mpaka nikakiona tena kile kishimo chake cha ubavuni.

Mzee alizunguka upande wa kushoto, akatazama. Akazunguka kulia, akatazama. Akarudi.

"Mimba imeenda wapi?" akauliza.

Mchinjaji alianguka kutoka kwenye jiwe kwa kicheko. "Hiyo mtoto ilikuwa ya hewa, mzee!"

"Tumetoka Karungu," mzee akasema polepole, uso umefunga, "kuja kuonyeshwa puto?" Akachukua kofia yake, akaivaa. Akaanza kutafuta fimbo yake.

"Sema," nyanya akamwambia mwanawe. Neno moja tu.

Baba mdogo akasimama pale, suti imejaa povu, akasema yote. Shamba la maharagwe. Pasi. Uongo wa mimba. Hakujitetea. Mwishoni tu akamgeukia mzee. "Nilitaka mwone ameshiba," akasema. "Nilitaka mseme mtoto wenu anakwenda kwa watu walioshiba."

Shangazi alikuwa anajifuta uso kwa kanga aliyopewa na nyanya. Ghafla akasimama, akanusa vidole vyake.

"Haya ni mafuta ya kupikia."

"Ndiyo," nyanya akasema. "Yalikuwa ya chapati zenu."

"Yote?"

"Yote. Leo mtakula vya kuchemsha, dada yangu. Nisamehe."

Shangazi alimtazama nyanya, akamtazama ng'ombe, akatazama dumu tupu lililolala majanini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, tena cheko la kukaa chini, akakaa kweli, pale pale penye kichuguu. "Mzee," akasema akishika mbavu, "acha fimbo. Nyumba inayomnyima mgeni mafuta ili ng'ombe apone, mtoto wetu akiugua humu hatakosa dawa. Mimi nimeridhika. Huyo kijana mwongo atanyooshwa na mke."

Mzee hakuridhika upesi hivyo. Alikula samaki wa kuchemsha na kuon, yaani ugali wetu, bila kumtazama baba mdogo hata mara moja, ingawa niliona aliongeza mara nyingi, maana watu wa ziwani wanajua kwamba ngege, yule samaki mtamu wa ziwa letu, akiwa mbichi hahitaji mafuta ya mtu. Tulikuwa bado mezani nilipochungulia nje nikamwona Mwenyekiti amelala kivulini. Shingo yake ikatikisika. Kidonge kikapanda.

"Anacheua," nilisema, na nyanya akaacha tonge, akafumba macho, midomo ikasogea.

Mzee akachukua kiti chake akakitoa nje, akakaa mbele ya Mwenyekiti. Maisha yake yote yalikuwa ya nyavu; hakuwahi kukaa na ng'ombe. Aliniita nimweleze, nami nikamweleza yote, taulo, sega, kitabu, na lile tumbo la mwisho lililo kama letu. Alitazama kidonge kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, mpaka koti la mvua likamshinda kwa joto akalivua.

"Kwa hiyo chakula kibaya anakirudisha, anakitafuna tena?"

"Ndiyo, mzee."

"Kabla ya kukikubali?"

"Ndiyo."

Akakitazama kidonge kingine kikipanda, taya lake mwenyewe likienda upande bila yeye kujua. Kisha akaita ndani, "Kijana! Huyu tutamchukua. Lakini bila maharagwe."

Ndivyo mwalimu wa chekechea alivyokuja kuwa mama mdogo wangu. Mwenyekiti alihamia Karungu, akajifunza kula nyasi karibu na nyavu zilizoanikwa. Alipozaa kweli, ndama jike mzuri, shangazi mwenyewe alimpa jina. Alimwita Puto.

Nyanya amelala kaburini sasa, na ile nyumba yake ilijengwa upya kwa matofali. Mwaka jana nilikwenda huko kuwaamkia baba mdogo na mama mdogo, ambao ndio wanaoishi humo. Hakuna ng'ombe pale, hata mmoja; watoto wao wako mijini na hakuna wa kuchunga. Mama mdogo alinitengenezea chai kwa maziwa ya pakiti, ikawa nzuri tu, chai ni chai. Nilipotoka nje nikashangaa kuona nyasi zimefika kiunoni, mbichi, nene, zinayumba na upepo wa ziwa. Baba mdogo alinifuata na fagio.

"Hizi nyasi zinanisumbua," akaniambia. "Zinaleta nyoka. Nimemlipa mtu wa mashine."

Katika boma lile tuliwahi kukosana na majirani kwa ajili ya nyasi. Wakati wa kiangazi nyanya alizifuata mpaka ukingo wa mto, akarudi na mzigo kichwani, na hata makapi yaliyodondoka njiani tuliyaokota. Na saa zile za adhuhuri, ng'ombe walipolala kucheua, ilikuwa marufuku kuwainua, kupiga kelele, hata kutwanga. Mgeni akifika alikaa nje kimya, akangoja pamoja nasi, na hakuna aliyeona kwamba anapoteza muda.

Mtu wa mashine alikuja na kelele zake, akamaliza kabla chai haijapoa. Alizikusanya nyasi rundo refu kuliko mimi, nyasi za kulisha zizi zima. Kisha baba mdogo akatoa kiberiti, akaziwasha. Zilikuwa mbichi mno, hazikutaka kushika, akalazimika kuinama na kupuliza.

Nilisimama kando yake. Na mimi nikapuliza.